Laini Kwanza, Mtambo Baadaye: Historia ya Vifaa vya Watoa Intaneti Wadogo Nchini Marekani

Mtoa huduma mdogo wa intaneti katika Marekani ya miaka ya 1990 alikuwa na kazi moja ya kiufundi iliyozipita nyingine zote: kupokea simu. Mteja alikuwa nyumbani na kompyuta iliyounganishwa na laini ya kawaida ya mezani. Modemu yake ilipiga namba ya mtoa huduma, na upande wa pili palihitajika modemu nyingine ya kuitikia, seva ya kumtambua mteja, na njia ya kumfikisha kwenye mtandao mpana. Katika muda usiozidi miaka kumi, vifaa vya kazi hiyo vilipita katika vizazi vitatu: modemu za rafuni zilizofungwa kwenye kompyuta, kisha seva maalumu za kupokea simu, kisha chasisi za kidijitali zenye modemu ndani yake. Katika kila kizazi, mnunuzi aliyelinganisha bei za masanduku peke yake alikuja kugundua kwamba uamuzi mkubwa ulikuwa umeshafanyika mahali pengine, katika aina ya laini ambayo kampuni ya simu ya mji wake iliweza kumpa.

Asili ya kazi

Modemu hugeuza data kuwa sauti inayoweza kupita katika mtandao wa simu, kisha huigeuza tena kuwa data upande wa pili. Bell 103 ya AT&T, iliyotoka mwaka 1962, ilipitisha biti 300 kwa sekunde. Kwa muda mrefu AT&T iliwakataza wateja kuunganisha kifaa cha mtu mwingine kwenye laini zake. Katazo hilo lilivunjwa na uamuzi wa Carterfone uliotolewa mwaka 1968 na FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, na kanuni zilizofuata katika miaka ya 1970 zikafungua soko la modemu huru. Mwaka 1981 kampuni ya Hayes ilitoa Smartmodem, ambayo kompyuta iliweza kuiamuru ipige simu, iitikie au ikate, kwa amri fupi zinazoanza na herufi AT. Karibu kila modemu iliyotengenezwa baadaye ilifuata lugha hiyo.

Watu wa kwanza kujifunza kuendesha laini nyingi za kupokea data walikuwa wenye mbao za matangazo za kielektroniki, zilizojulikana kwa herufi BBS. Ubao wa kwanza, CBBS, uliwashwa na Ward Christensen na Randy Suess mjini Chicago tarehe 16 Februari 1978. Kufikia miaka ya 1990, wengi wa wamiliki wa mbao hizo walikuwa na ujuzi wa modemu, nyaya na wateja wasio na subira, na baadhi yao wakageuka kuwa watoa intaneti.

Biashara yenyewe ilianza mwaka 1989, pale The World ya Brookline, Massachusetts, ilipoanza kuuza huduma kwa umma kwa njia ya simu. Wakati huo uti wa mgongo wa intaneti ya Marekani ulikuwa NSFNET, mtandao wa serikali uliojengwa kwa ajili ya utafiti na elimu na wenye masharti makali dhidi ya matumizi ya kibiashara. Masharti yalilegea hatua kwa hatua, na tarehe 30 Aprili 1995 huduma ya uti huo ilifungwa, mizigo ikabebwa na makampuni binafsi. Katikati ya mabadiliko hayo ilitokea Mosaic, programu ya kuvinjari, mwaka 1993, ikaupa mtandao sura ya kurasa zenye picha. Windows 95 iliyofuata ikaja na uwezo wa kuunganisha kompyuta na intaneti kwa simu bila mtumiaji kutafuta programu ya ziada. Mahitaji yalilipuka hata katika miji midogo ambayo makampuni makubwa hayakuiona kuwa na faida, na humo ndimo mtoa huduma mdogo alimopata nafasi.

Rafu za modemu

Mtambo wa kwanza wa wengi wa watoa huduma hao wadogo ulikuwa kompyuta moja yenye mfumo wa Unix au Linux, kadi ya poti nyingi kutoka kwa watengenezaji kama DigiBoard au Cyclades, na safu ya modemu za mezani. Kila modemu ilikuwa na waya wa simu, kebo ya kwenda kwenye kompyuta, na adapta yake ya umeme. Modemu ishirini na nne zilimaanisha adapta ishirini na nne, zote zikitoa joto, na kila moja ikidai tundu lake la umeme.

Hapa chaguo la kwanza lilikuwa ubora wa modemu. US Robotics ya Skokie, Illinois, iliuza familia mbili: Sportster ya bei nafuu kwa nyumba, na Courier ya bei ya juu iliyotengenezwa kwa kazi ya mfululizo. Modemu iliyofaa mtu anayepiga simu mara mbili kwa siku haikuwa lazima ifae kifaa kinachoitikia simu mchana na usiku. Modemu iliyoganda ilikuwa na madhara zaidi ya kupoteza laini moja. Laini za mtoa huduma zilifungwa pamoja chini ya namba moja: ya kwanza ikiwa inatumika, simu huruka hadi ya pili, kisha ya tatu. Modemu ya tatu ikiganda bila kuitikia, kampuni ya simu huiona laini yake kuwa huru na kuipelekea kila simu inayofika hapo. Mteja husikia mlio wa kuita usiokwisha, ilhali modemu kumi zilizo nyuma yake zimekaa bure. Kwa hiyo fundi mwangalifu alijaribu laini moja moja kila siku, na alithamini modemu iliyoweza kuzimwa na kuwashwa kutoka mbali.

Chaguo la pili lilikuwa uwezo wa kompyuta kupokea herufi. Modemu zilizofuata kiwango cha V.34 cha mwaka 1994 zilifikia biti 28,800 kwa sekunde, na kwa kuwa zilibana data, mawasiliano kati ya modemu na kompyuta yaliwekwa kwenye biti 115,200 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo herufi 11,520 huweza kufika katika sekunde moja kwenye poti moja. Chipu za zamani zilihifadhi herufi moja tu na kuisimamisha kompyuta kila herufi ilipofika, hivyo mzigo wa poti chache ulitosha kupoteza data. Chipu ya 16550A, yenye akiba ya herufi 16, ilipunguza tatizo, na kadi zenye kichakataji chake zilipunguza zaidi. Hata hivyo, kompyuta iliyobeba barua pepe, kurasa na poti za wateja kwa pamoja ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: ikianguka, kila kitu kilianguka nayo.

Seva za kupokea simu na ujio wa RADIUS

Kizazi cha pili kiliiondoa kazi ya poti kwenye kompyuta. Seva ya kupokea simu ilikuwa sanduku dogo lisilo na diski, lenye poti za modemu upande mmoja na mtandao wa ndani upande wa pili. Cisco 2511 ilikuwa na poti 16, na ilipendwa na wale waliokwisha kuzoea ruta za kampuni hiyo. Lakini kifaa kilichopata mapenzi ya pekee kwa watoa huduma wadogo kilikuwa PortMaster 2 ya Livingston Enterprises, kampuni ya Pleasanton, California. Kiliweza kubeba hadi poti 30. Amri zake zilikuwa chache na za kueleweka, na kifaa kiliweza kukaa miezi bila kuguswa.

Sanduku hilo lilizungumza na kompyuta ya mteja kwa itifaki ya SLIP iliyoandikwa mwaka 1988, au kwa PPP, ambayo waraka wake wa kiwango, RFC 1661, ulitolewa mwaka 1994. PPP ilishinda kwa sababu ilimpa mteja anwani ya mtandao yenyewe, ilikagua makosa, na ilikuwa na utaratibu wa kuuliza jina na nenosiri bila mteja kuandika maagizo kwenye skrini.

Mchango wa kudumu wa Livingston ulikuwa RADIUS, utaratibu wa kuwatambua wateja kutoka mahali pamoja. Mteja anapopiga simu, seva ya kupokea hutuma jina lake na nenosiri lililofichwa kwenda kwa kompyuta inayotunza orodha. Kompyuta hiyo hujibu kwa kukubali au kukataa, na huambatanisha masharti kama muda wa juu wa kukaa mtandaoni. Mteja akiingia, rekodi ya mwanzo huandikwa; akitoka, huandikwa rekodi ya mwisho yenye muda na kiasi cha data. Mtoa huduma aliyeongeza sanduku la pili au kufungua kituo katika mji wa jirani hakuhitaji kunakili orodha ya wateja. Livingston iliuacha utaratibu huo wazi kwa wote, ukachapishwa kama RFC 2058 mwezi Januari 1997, na washindani wake wakautumia. Tangu hapo swali la kwanza kwa muuzaji yeyote wa mitambo likawa kama kifaa chake kinaijua RADIUS, kwa kuwa hapo palitegemea hesabu, bili na uhuru wa kuchanganya vifaa vya makampuni mbalimbali.

Laini ngapi zinatosha

Idadi ya laini ilikuwa swali la fedha kabla ya kuwa la ufundi. Wengi walishika kanuni ya laini moja kwa wateja kumi. Msingi wa kanuni hiyo uliwekwa zamani na Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hesabu wa kampuni ya simu ya Copenhagen, ambaye mwaka 1917 alitoa fomula ya uwezekano wa mpigaji kukuta laini zote zimejaa. Mzigo hupimwa kwa erlangi. Erlangi moja ni laini moja inayotumika muda wote.

Fomula hiyo haikumwonea huruma mdogo. Ikiwa mpigaji mmoja tu katika mia anaruhusiwa kukuta laini zimejaa, laini 10 hubeba takriban erlangi 4.5, laini 24 hubeba 15.3, na laini 48 hubeba 36.1. Kwa kanuni ya kumi kwa moja, kituo cha laini 10 kingeweza kuhudumia kwa raha asilimia 4.5 tu ya wateja wake kwa wakati mmoja, ilhali kituo cha laini 48 kingehudumia asilimia 7.5. Mteja alilipa kiasi kilekile kwa mwezi katika vituo vyote viwili, lakini kwenye kituo kidogo alikuta laini zimejaa mara nyingi zaidi. Hii ndiyo sababu kufungua vituo vidogo katika kila mji, ili wateja wapige simu ya ndani isiyo na malipo ya ziada, kulikuwa na gharama iliyojificha.

Tabia ya wateja iliongeza ugumu. Katika sehemu kubwa ya Marekani simu ya ndani ililipiwa kwa mwezi, si kwa dakika, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kukata. Tarehe 1 Desemba 1996 AOL, mtoa huduma mkubwa kuliko wote, iliacha kutoza kwa saa na kuweka bei moja ya dola 19.95 kwa mwezi. Wateja wakabaki mtandaoni muda mrefu, laini zikajaa, na mwezi Januari 1997 kampuni ilikubaliana na wanasheria wakuu wa majimbo kadhaa kuwarudishia wateja sehemu ya fedha. Watoa huduma wadogo walisoma funzo hilo kwa makini. Walianza kukata simu zisizo na shughuli baada ya dakika kadhaa na kuzuia jina moja kuingia mara mbili, mambo ambayo RADIUS na PortMaster ziliyarahisisha. Wengine walitangaza uwiano wao wa wateja kwa laini kama kipimo cha ubora.

Kuingia kwa laini za kidijitali

Kufikia katikati ya muongo, waya za shaba mbili mbili zilikuwa mzigo kwa mtoa huduma na kwa kampuni ya simu. Suluhisho lilikuwa T1, laini ya kidijitali ya megabiti 1.544 kwa sekunde inayobeba simu 24 katika jozi mbili za waya. Ilikuja kwa sura mbili. T1 ya chaneli ilibeba simu zote 24, lakini ishara za kuita na kukata zilibebwa na biti zilizoibwa kutoka kwenye sauti yenyewe. PRI, ambayo ni sura ya ISDN, huduma ya simu ya kidijitali, ilitenga chaneli moja kwa ishara na kubakisha 23 kwa simu. Aliyehesabu chaneli peke yake alichagua ya kwanza. Aliyejua kazi alichagua PRI, kwa kuwa simu iliunganishwa haraka, namba ya mpigaji ilionekana, na chaneli nzima ya kilobiti 64 ilibaki safi kwa data. Aliyekuwa na PRI kadhaa aliweza pia kuzifanya zishiriki chaneli moja ya ishara.

Vifaa vya kizazi cha tatu vilijengwa kwa ajili ya laini hizo. Ascend ya Alameda, California, iliyoanza na vifaa vya mikutano ya video, ilitoa familia ya MAX, ambayo mfano wake wa MAX 4000 ulipokea laini nne za T1. US Robotics iliuza Total Control, chasisi ya kadi zenye modemu nne nne, iliyobeba modemu 48 kwa T1 mbili. Livingston ilifuata na PortMaster 3, sanduku moja lenye PRI mbili na modemu za kidijitali ndani, na Cisco ilikuwa na AS5200. Ndani ya chasisi hizi, modemu haikuwa tena kifaa chenye waya wake. Ilikuwa programu ikiendeshwa na chipu za kuchakata mawimbi, ikipewa simu yoyote iliyofika. Modemu iliyoharibika ilitengwa, na simu ikaenda kwa nyingine, hivyo mlio wa kuita usiokwisha ukapungua. Namba ileile moja iliweza pia kupokea wateja wa ISDN, jambo lililompa mtoa huduma bidhaa ya pili bila laini za pili.

Mashindano ya kilobiti 56

Sababu iliyowalazimisha hata waliositasita ilikuja mwaka 1997. Modemu za analojia zilikuwa zimefikia kilobiti 33.6, na wataalamu wengi waliona kwamba zimefika ukingoni. Ukingo huo ulitokana na kelele inayozaliwa pale kituo cha simu kinapogeuza sauti kuwa namba, mara 8,000 kwa sekunde. Brent Townshend alionyesha kwamba ikiwa upande wa mtoa huduma umeunganishwa kidijitali, data inayokwenda kwa mteja hugeuzwa mara moja tu, na kelele hiyo haipo katika mwelekeo huo. Hivyo kilobiti 56 zikawezekana kwa kushuka, ingawa kanuni za nguvu za mawimbi nchini Marekani zilizuia kuvuka 53. Kupanda kulibaki kwenye kasi za zamani.

Maana yake kwa mnunuzi ilikuwa kali. Rafu ya Courier bora kuliko zote, ikiwa kwenye laini za analojia, haikuweza kumpa mteja kasi mpya. Hata T1 haikutosha ikiwa kampuni ya simu iliitengeneza kwa kukusanya laini za analojia mahali fulani njiani. Mtoa huduma alilazimika kuiuliza kampuni ya simu njia nzima ya laini yake, na wengi walilijua jibu baada ya kulipa.

Pia kulikuwa na lahaja mbili zisizoelewana. US Robotics ilisukuma x2. Rockwell na Lucent zilisukuma K56flex. Modemu ya lahaja moja ikikutana na nyingine ilirudi kwenye kasi za V.34. Waliotaka kuwaridhisha wote walifungua namba mbili na chasisi mbili, na hapo fomula ya Erlang ikawadai tena: makundi mawili ya laini 24 hubeba erlangi 30.6, chini ya 36.1 za kundi moja la laini 48. Umoja wa kimataifa wa mawasiliano, ITU, ulimaliza ugomvi kwa kiwango cha V.90, kilichokubaliwa mwezi Februari 1998 na kuidhinishwa Septemba mwaka huo. Waliokuwa na chasisi zenye modemu za programu waliingiza toleo jipya kwa usiku mmoja. Waliokuwa na masanduku ya zamani walinunua upya.

Sheria, bei na kuunganishwa kwa makampuni

Sheria ya Mawasiliano ya tarehe 8 Februari 1996 iliruhusu makampuni mapya kushindana katika simu za ndani. Kampuni inayopiga ililazimika kuilipa kampuni inayopokea simu, na watoa intaneti walipokea simu nyingi na kupiga chache sana. Makampuni mapya yalimezea mate mapato hayo, yakawapa watoa intaneti PRI kwa bei za chini na hata nafasi ya kuweka vifaa ndani ya vituo vyao. Kwa miaka michache laini ilikuwa rahisi kupatikana kuliko wakati wowote. Mwezi Aprili 2001 FCC iliyawekea malipo hayo ukomo unaoshuka hatua kwa hatua, na unafuu ukapungua.

Watengenezaji nao walimezwa. Mwaka 1997 3Com iliichukua US Robotics kwa takriban dola bilioni 6.6. Mwaka huohuo Lucent ilitangaza kuinunua Livingston, na mwaka 1999 ikainunua Ascend kwa zaidi ya dola bilioni 20. Lucent ikawa na familia mbili za vifaa vya kazi moja, na ukoo wa PortMaster ukaachwa. Wenye PortMaster walijifunza kwamba kifaa kizuri kinahitaji pia mmiliki mwenye nia ya kuendelea kukitunza. Kilichowaokoa kilikuwa RADIUS: kwa kuwa orodha ya wateja na hesabu vilikaa nje ya chasisi, kuhamia kwa mtengenezaji mwingine hakukuhitaji kuanza upya.

Vifaa hivyohivyo Afrika Mashariki

Chasisi hizi hazikubaki Marekani. Nje ya Amerika Kaskazini laini ya kidijitali ya kawaida ni E1, yenye megabiti 2.048 kwa sekunde na simu 30, hivyo PortMaster 3 yenye laini mbili ilipokea simu 60 badala ya 48 za T1 mbili za chaneli. Africa Online, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, Wakenya waliosoma Marekani, ilikuwa miongoni mwa waliopeleka huduma ya kupiga simu katika miji ya Afrika. Mazingira yalikuwa tofauti. Simu ya ndani ilitozwa kwa muda, kwa hiyo mteja aliingia, akachukua barua zake, akakata. Njia ya nje ya nchi ilikuwa mikononi mwa shirika la simu la serikali, ambalo nchini Kenya lilianzisha JamboNet mwaka 1998 kama mlango wa kimataifa. Huko Marekani kikwazo kilikuwa idadi ya laini za kupokea simu. Hapa kikwazo kikubwa kilikuwa gharama ya kiungo cha setilaiti. Kanuni ya kuchagua ilikuwa ileile: kujua laini kabla ya kununua mtambo.

Mwisho wa zama

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, DSL na kebo za televisheni ziliwapa Wamarekani kasi ambayo laini ya sauti haikuweza kuifikia. Watoa huduma wadogo waliobaki waliacha kumiliki chasisi, wakakodi poti kwa makampuni ya jumla yaliyopokea simu nchi nzima na kuwauliza wenye wateja, kwa RADIUS, kama mpigaji aruhusiwe. Wengine waligeukia mitandao isiyo na waya vijijini, wengi waliuza orodha za wateja wao. Afrika Mashariki iliruka hatua ya DSL kwa sehemu kubwa: mkonga wa SEACOM ulifika pwani mwaka 2009, na simu za mkononi zikawa njia kuu ya intaneti. AOL ilizima huduma yake ya kupiga simu tarehe 30 Septemba 2025. RADIUS bado inafanya kazi, ikiwatambua watumiaji wa mitandao ya Wi-Fi ya vyuo na maofisi kwa utaratibu uleule uliobuniwa kwa ajili ya modemu.